Diski ya breki ina namba, nimemwonyesha fundi, kanichekesha watu kadamnasi!

Msafiri_Ngomeni
Ndugu zangu, naandika mikono ingali na grisi na moyo unanidunda. Mnamjua. Simtaji, hakuna haja. Ni yule yule fundi wa magari wa chini ya mwarobaini, mwenye kalamu sikioni ambayo haijaandika risiti hata moja tangu Vasco da Gama atie nanga hapa 1498.

Gari langu nikiteremka kuelekea Daraja la Kilifi, nikigusa breki usukani unacheza na pedali inanirudisha mguu. Nikampelekea. Akafungua magurudumu ya mbele, akapapasa diski kwa kidole gumba, akasema, "Zimeliwa kidogo, zipelekwe kwenye mashine ya leti zikaskimiwe, zichongwe uso, zirudi mpya."

Nikachuchumaa. Nikapiga msasa ule ukingo wenye kutu, namba hiyo hapo imegongwa kwenye chuma: MIN TH 20 mm, yaani unene wa chini kabisa. Nikachukua venia, kipimo cha unene, yake yeye mwenyewe, nikapima ndani pale pedi zinapokanyaga, si ukingoni ambako hakuliwi. 20.3. Nikamuuliza kwa adabu kabisa, fundi, ukichonga upande huu na upande ule, kitabaki nini?

Hakunijibu mimi. Aligeukia watu wa tuktuk, akapaza sauti: "Njooni mumwone huyu, anasoma diski kama gazeti!"

Gazeti! Watu wakaangua kicheko. Muuza viazi karai akaacha mafuta yaungue apate kucheka vizuri. Punda wa mchanga wakasimama njiani. Nusu ya Malindi ilicheka, na nusu nyingine ikapigiwa simu ije icheke. Mimi nimechuchumaa pale, venia mkononi. Kama gazeti!

Nabeba samaki wa Ngomeni mpaka Mombasa, nyuma shehena ya barafu, pale Gede watoto wanavuka barabara, halafu namba ya kiwanda ni ya kuchekwa? Nikasema basi nanunua diski mpya. Akasema hayo ni maringo. Nimefunga magurudumu mwenyewe nikaondoka, na nyuma bado namsikia, "Haya, leo kuna habari gani?"

Mtu huyu ataachwa mpaka lini?

Tuk_la_Barani
Nilikuwepo. Lilikuwa gazeti la jana ama la leo?

Msafiri_Ngomeni
Kumbe nawe ulikuwa kwenye kundi lile! Tuktuk yenye kioo kilichopasuka, nimekuona. Ulicheka mpaka ukashika mwarobaini.

Tuk_la_Barani
Kaka nisamehe, lakini ulikuwa unafuata zile herufi kwa kidole.

Leti_Mstaafu
Waache wacheke. Hiyo namba ni mwisho wa kutumia diski, si mwisho wa kuichonga. Ukichonga, lazima ibaki juu ya hapo, tena na akiba ya kuliwa. Wewe una 0.3 kwa pande zote mbili! Kisu cha leti kikishaondoa mifereji, ushapita. Na diski ikiwa nyembamba haina chuma cha kubebea moto. Teremka na mzigo, breki zichemke, mafuta ya breki yachemke nayo, pedali izame mpaka chini. Tupa. Nunua za mbele zote mbili na pedi mpya, usifunge moja ukaacha moja.

Ila sikiza hili, kwa sababu wengi wanalia baadaye. Kabla hujafunga mpya, sugua kutu yote kwenye habu, pale diski inapokalia. Wewe maji ya samaki yanamwagika na sisi sote hapa tunakula hewa ya chumvi. Kutu kidogo chini ya diski inaikalisha upande, na diski ikiyumba hata sehemu ya kumi ya milimita, pedi zitaila pahali pamoja kuliko pengine. Usukani utacheza tena na utamlaumu aliyekuuzia. Nati nazo zikazwe kwa msalaba, moja kisha ya upande wa pili, kwa nguvu sawa, si kurukia spana.

Bi_Maweni
Za kwangu yeye huyo huyo aliziskimu. Zilikuwa nene, sikatai, na mwanzo gari lilitulia. Kisha likarudi kutetemeka vile vile. Nikamuuliza zile alama za buluu ni nini, akaniambia ni rangi.

Leti_Mstaafu
@Bi_Maweni rangi! Hicho ni chuma kilichoungua kikawa kigumu, na ugumu umeingia ndani. Leti inakwangua juu tu. Diski yenye alama hizo au yenye ufa haichongwi hata ikiwa nene kama chapati.

Msafiri_Ngomeni
Mmesikia? Na mimi ndiye niliyeambiwa gazeti. Mbele za watu!

Kondakta_Mkongwe
Mwenye uzi, gazeti tumelisikia, sasa funga ukurasa. Mimi nina la pedi. Kuna wa spea, mnamjua, ananiuzia pedi kwenye boksi jipya zinanuka kwato zilizoungua kabla hatujafika Timboni. Hilo ndilo la kufunguliwa uzi.

Tuk_la_Barani
Huyo wa spea ndiye kaniuzia kebo ya breki ya mkono iliyokatika dukani kwake, nikiwa naijaribu. Akasema nimevuta kwa hasira.

Mwana_wa_Mkomani
Nyinyi wa Malindi mna raha, mwagombania breki. Njooni Lamu mpande boti kutoka Mokowe, muone chombo kisicho na breki wala nahodha mwenye haya. Yule mmoja, sote twamjua, yuwangoja mpaka maji yaguse ukingo ndipo awashe mashine.

Bi_Maweni
Wa shati la mistari?

Mwana_wa_Mkomani
Huyo! Leo amepakia mbuzi kwanza, mamangu akaambiwa asubiri chombo cha pili.

Msafiri_Ngomeni
Jamani, turudi kwa huyu wa mwarobaini. Alisema GAZETI.

Kondakta_Mkongwe
Subiri kwanza, ndugu. Mbuzi walilipa nauli?

Mwana_wa_Mkomani
Walilipiwa, tena bei ya mtu mzima, na maboya ya kuvaa wakakalia wao.