Fortran: mita 0.29 inanipa sentimita 28, nimekosea wapi?

BintiTudor
Assalamu alaikum wanajamvi. Nimepigilia ubao wa kupimia maji ufuoni hapa Tudor, Mombasa, nikaandika kujaa na kupwa tangu bamvua hadi maji mafu. Katika kila kipimo nimeondoa wastani wa vyote, kwa hiyo maji yakipwa sana napata hasi. Kwa Fortran, lugha ya kuandikia programu, nageuza mita (h) ziwe sentimita kamili hivi:

cm = INT(h * 100.0d0)

Sasa 0.29 inatoka 28! Daftari nimelikagua mara tatu, mwandiko wangu na 29 imo. Halafu nikizipanga kwa desimita, INT(h * 10.0d0), sifuri zimejaa kupita kiasi. Mdogo wangu asema kompyuta imeingia maji ya chumvi. Msinicheke.

FundiLikoni
Wa alaikum salaam dada. Kompyuta yako nzima. INT haitafuti nambari ya karibu, yakata tu. 0.29 haiandikiki sawasawa kwa sifuri na moja, na ukiizidisha kwa 100 wapata 28.999999999999996. INT ikatupa mkia wote, ukabaki na 28. Weka NINT, hiyo ndiyo hutafuta nambari kamili ya karibu. Na usidhani kuiondoa INT kutakuokoa: ukitia desimali ndani ya INTEGER (kigezo cha nambari kamili), hukatwa vilevile kimyakimya. Mimi hilo lilinila usiku mzima.

Sifuri nazo: INT hukata kuelekea sifuri. 0.9 yawa 0, -0.9 pia yawa 0. Kapu la sifuri lina upana mara mbili ya mengine.

BintiTudor
29 imerudi, shukran! Ila kwa Python, lugha nyingine ya programu, round(2.5) inatoa 2, na NINT inanipa 3. Nimwamini nani?

Mjukuu_wa_Nahodha
Wote. NINT hupeleka nusu mbali na sifuri: 2.5 ni 3, -2.5 ni -3. Lugha za Python 3, R na Julia huipeleka kwenye shufwa: 2.5 ni 2, 3.5 ni 4, ili nusu zisipande zote upande mmoja zikavimbisha jumla. Taja tu kwenye ripoti yako umefuata ipi.

BintiTudor
Jamani, desimita nimefanya cm/10 na sifuri zimejaa tena!

FundiLikoni
Nambari kamili kwa nambari kamili, Fortran hukata pia. -7/10 ni 0. Andika FLOOR(cm/10.0d0), hiyo -7 itashuka kwenye -1.

BintiTudor
Sifuri zimekaa sawa na wenzake. Huyu wa maji ya chumvi namwita aje aone.