Shina chungwa, ncha nyeusi: nipake nyeusi, niblichi au niondoe rangi?

BintiMlandege: Asalaam alaykum dada zangu. Juzi nilijipaka mwenyewe rangi ya kahawia ya boksi, nimeinunua Darajani. Shina zimetoka chungwa tupu, ncha nyeusi vilevile. Harusi ya mdogo wangu imebaki wiki mbili. Nipake nyeusi juu yake, niblichi zilingane, au nitumie ile dawa ya kuondoa rangi? Nywele zina dawa ya kulainisha tangu Shaabani, nazionea huruma.

MsusiWete: Waalaykum salaam. Blichi iache kabisa. Nywele zenye dawa zimeshachoka, ukiongeza blichi utazikuta kwenye kitana. Ncha hazikubadilika kwa kuwa zina rangi ya zamani, na rangi haiondoi rangi. Shina zimewaka kwa joto la kichwa. Mie ningepaka shina tu kahawia iliyokoza, isiyo na amonia, yenye ubuluu ndani yake, maana buluu ndiyo inayozima chungwa. Nyeusi inaficha, lakini siku ukiichoka haitoki kirahisi.

UmuChake: Dawa ya kuondoa rangi nimeitumia. Inanuka yai viza, ila si blichi, inavunja chembe za rangi zitoke na maji. Suuza mpaka mkono uchoke, zikibaki ndani weusi unarudi. Lakini shina zako hazitarudi nyeusi, peroksaidi, ile dawa ya kung'arisha iliyomo kwenye rangi ya boksi, imeshakula rangi ya asili. Itakusaidia ncha tu.

BintiMlandege: Na ndimu na jua je? Shoga yangu ananishikilia.

UmuChake: La, zinakauka kama makumbi.

Mama_wa_Mkoani: Mwanangu, uliwahi kutia hina nyeusi ya pakiti? Mie nilitia, kisha nikablichi. Kishungi kilipata moto mkononi, harufu ya kuungua ikajaa choo kizima, na nywele zikakatika usawa wa sikio. Hina ya majani matupu hutoa wekundu. Hizo nyeusi zimechanganywa, na nyengine zina chumvi za madini zisizopatana na peroksaidi.

BintiMlandege: Hina sijatia, ila piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mkononi, iliwahi kunitoa malengelenge.

MsusiWete: Hilo ndilo la kuogopa zaidi! Piko na rangi nyingi za boksi zina kemikali moja, PPD. Mara hii hukuwashwa, mara ijayo uso unaweza kuvimba. Soma boksi, ukiiona PPD usiguse. Hata isiyo nayo, paka tone nyuma ya sikio, ngoja saa 48. Kisha kata unywele kidogo kisogoni uujaribu kwanza.

Mama_wa_Mkoani: Na usiku wa kuamkia kuosha, mafuta ya nazi. Hayaondoi rangi, lakini yanapunguza protini inayotoka nywele zikioshwa.

BintiMlandege: Nimepata isiyo na PPD. Saa 48 zimepita, hamna muwasho. Unywele wa majaribio umetoka rangi ya karafuu kavu, na nikiuvuta haukatiki. Ncha naziacha. Shina napaka kesho baada ya laasiri inshallah.