Ushauri: Treni ya Krismasi inasimama chini ya mti, transfoma inanguruma

Njia_Panda: Wakuu, heshima kwenu. Nina treni ya umeme ya kuchezea ya Lionel, kampuni ya Marekani, ya reli tatu, saizi ya O27, ya miaka ya 1950. Imetoka Pennsylvania, Marekani, ni ya kuzunguka mti wa Krismasi kama wafanyavyo kule. Inapiga raundi mbili tatu, inapunguza mwendo, inasimama. Transfoma inanguruma na kupata moto. Nifanyeje? Krismasi ni keshokutwa.

Fundi_Koili: Anza na reli. Futa zote tatu kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo. Ya kati inaleta umeme, za pembeni zinaurudisha. Usitumie steliwaya, vinyuzi vyake vinaingia kwenye mota na kupiga shoti. Viungio vikilegea, bana kingo za reli kwa koleo. Angalia na mapambo: uzi wa chuma unaomeremeta ukidondokea reli ya kati na ya pembeni, tayari ni shoti.

MamaGeza: Chini ya mti panakaa pango la Mtoto Yesu. Treni inawafundisha nini watoto?

Tukuyu_Juu: Dada, hivyo viwili vinakaa pamoja. Wamoravian wa Bethlehem, Pennsylvania, mji ulioanzishwa 1741, hupanga chini ya mti mandhari ya Kuzaliwa kwa Yesu. Wanaiita putz, kutoka neno la Kijerumani la kupamba. Treni za umeme zilikuja baadaye, zikazungushwa hapo hapo.

Fundi_Koili: Turudi kwenye swali. Mleta uzi, uko wapi? Soketi yako ni volti ngapi?

Njia_Panda: Transfoma ni nzima, ilijaribiwa kabla ya kutumwa.

Waya_Mbili: Hujajibu. Mimi naona hii habari imetungwa. Transfoma ya volti 120 ukiichomeka kwenye 230 haifiki raundi ya tatu, inaungua.

Njia_Panda: Sijatunga, mkuu. Niko Moshi. Natumia konveta (kifaa cha kushusha volti) ndogo ya mashine ya kukaushia nywele, wati 1,600. Transfoma ni wati 90 tu, kwa hiyo inatosha na kubaki. Nimeshainunua.

Fundi_Koili: Hapo ndipo penye ugonjwa. Wati si tatizo. Konveta hizo hukatakata wimbi la umeme, hazilishushi sawasawa. Waya wa hita hauna shida na hilo, koili ya transfoma inachemka. Chomoa leo. Tafuta stepudauni, yaani transfoma ya kushusha volti, ya koili, nzito, volti 230 kwenda 110, wati 200 au zaidi.

Njia_Panda: Nikiiendesha dakika tano tano? Watoto nimeshawaahidi.

Fundi_Koili: Hapana. Hata kwa stepudauni sahihi itapata joto kuliko kule, maana imeundwa kwa umeme wa hezi 60 na sisi tuna wa 50. Chukua 110, si 120, uipumzishe kila dakika 20. Waya wake wa zamani ukiwa na nyufa, badilisha kwanza. Na ukimwagilia mti, chomoa.

MamaGeza: Na pango litaingia ndani ya duara?

Tukuyu_Juu: Duara la O27 ni reli 8 za kona, upana sentimita 69 hivi. Stendi ya mti inamaliza nafasi. Ongeza reli 4 zilizonyooka, mbili kila upande. Duara linarefuka kwa sentimita 44 hivi upande mmoja hadi mwingine, pango linakaa mbele ya stendi.