Ushauri: ruta gani itafikisha waifai hadi chumba cha mwisho?

Mama Pili: Habari zenu wakuu. Kampuni ya intaneti ilituwekea kifaa chake sebuleni, nyuma ya televisheni. Sebuleni mambo safi. Chumba cha mwisho, ninakofanyia kazi na mwanangu anakosomea, waifai inaonyesha kistari kimoja na mikutano ya video inakatikakatika. Kuta ni za zege. Nimeona ruta za antena sita, nyingine nane, zimeandikwa AX3000. Ninunue ipi? Natanguliza shukrani.

Fundi Kebo: Usinunue chochote kwanza, dada. Chomeka kompyuta kwa waya kwenye hicho kifaa upime kasi. Kisha pima kwa waifai ukiwa karibu nacho, halafu pima chumbani. Kama hata kwa waya kasi ni ndogo, tatizo ni kifurushi au kampuni, na ruta mpya haitakusaidia. Antena nyingi zisikuhadae: nguvu ya mawimbi ina kikomo cha kisheria, na hata ruta ikisikika mbali, simu nayo lazima iijibu, na simu ina nguvu ndogo. Hiyo 3000 ni jumla ya kasi za masafa yote mawili ya waifai, gigahezi 2.4 na 5, kwenye karatasi. Hakuna simu itakayoipata.

Jicho Kali: Naongezea. Gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, ila ni ya polepole na imejaa: majirani, Bluetooth, maikrowevu, wote wamo humo. Gigahezi 5 ina kasi, lakini zege huimeza. Itoe ruta nyuma ya televisheni, iweke juu, mahali wazi, karibu na katikati ya nyumba kadiri waya unavyoruhusu. Antena zisimame wima, maana mawimbi husambaa kwa pembeni kuliko kuelekea nchani. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11 kwa upana wa megahezi 20. Hizo tatu haziingiliani.

Kijana Mpole: Mbona rahisi? Nunua ripita, chomeka humo chumbani, kazi imekwisha.

Fundi Kebo: Hapana, mkuu. Ripita hurusha kile inachopokea. Ukiiweka palipo na mawimbi hafifu, chumba kitaonyesha vistari vyote na video itakwama vilevile. Na ikipokea na kurusha kwa masafa yaleyale, kasi hushuka karibu nusu.

Mama Pili: Nimepima. Kwa waya megabiti 50, karibu na ruta 47, chumbani 4. Nimeihamishia juu ya kabati, chumbani ikapanda hadi 11. Video bado inakwama mara mojamoja.

Fundi Kebo: Basi ni ukuta, na dawa ya ukuta ni waya. Vuta kebo ya Cat5e hadi chumbani, inabeba gigabiti 1 kwa umbali wa hadi mita 100. Huko mwisho weka ruta ya kawaida tu iliyoandikwa Wi-Fi 6, uiwashe katika hali ya akses pointi, yaani itoe waifai tu na kazi ya ruta ibaki kwa ile ya kwanza. Hapa wengi hukosea: wakiiacha ifanye kazi kama ruta, nyumba inakuwa na mitandao miwili, na printa ya sebuleni haionekani chumbani. Kama haina hali hiyo, zima DHCP (huduma ya kugawia vifaa anwani za mtandao), ipe anwani tofauti na ya ruta ya kwanza, na kebo ichomekwe tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani), si la WAN (la kuingizia intaneti). Jina la waifai na nywila vifanane na vya sebuleni, chaneli zitofautiane.

Jicho Kali: Usisahau usalama. Badilisha pia nywila ya kuingilia kwenye mipangilio, chagua ulinzi wa waifai wa WPA3, au WPA2 kama vifaa vyako ni vya zamani, zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila nywila), sasisha programu ya ruta.

Mama Pili: Asanteni sana. Ila nyumba ni ya kupanga, siruhusiwi kutoboa.

Fundi Kebo: Kuna kebo bapa, hupita kando ya ukuta na chini ya mlango bila kutoboa. Ikishindikana kabisa, chukua mesh (vifaa vinavyoshirikiana kutoa waifai moja) ya vipande viwili yenye masafa matatu, ili mojawapo libaki la mawasiliano ya vipande vyenyewe. Cha pili kiweke koridoni, mawimbi ya cha kwanza yanapofika vizuri, si ndani ya chumba chenye shida. Hakikisha kila kipande kina tundu la kebo. Siku ukihamia kwenye nyumba inayoruhusu waya, utaviunganisha kwa kebo bila kununua upya.