Power Mac G5 ya 2003: je, Linux ya leo bado inaweza kukaa humo?

Karani_wa_Usiku aliuliza:

Wakuu, habari za leo.

Nimeachiwa Power Mac G5 ya mwaka 2003, yenye vichakataji viwili vya gigahezi 2, kumbukumbu ya gigabaiti 4 na kadi ya michoro ya Radeon 9600. Ndani yake kuna Mac OS X 10.5, ambayo ndiyo ya mwisho iliyokubali vichakataji vya PowerPC, na kwa kuwa haipati viraka vya usalama tena, nimeamua kuiondoa na kuweka Linux.

Nimejaribu mara mbili. Kwanza nilipakua Debian (mojawapo ya distro, yaani mikusanyo ya Linux iliyo tayari kusakinishwa) iliyoandikwa ppc64el, kwa hoja kwamba G5 ni PowerPC na ni ya biti 64, lakini kompyuta haikuitambua diski hiyo kabisa. Kisha nikapata diski ya Ubuntu 16.04, ambayo iliwaka vizuri, ila kivinjari kilikataa karibu kila ukurasa kwa madai kwamba vyeti vyake si halali, na feni zikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga nafaka.

Mahitaji yangu si makubwa: kuandika, kusoma barua pepe, kuhifadhi mafaili na kukusanya (yaani kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) programu ndogo ninazoandika kwa C. Ninayo pia Mac mini G4 yenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu. Je, kuna distro inayoendelea kusasishwa kwa mashine hizi, au ninapoteza muda?

Fundi_Chuma alijibu:

Ndugu Karani, umenaswa na herufi mbili ambazo zimewanasa wengi kabla yako. Hizo "el" mwishoni mwa ppc64el zinaeleza mpangilio wa baiti: toleo hilo huandika kwanza baiti yenye thamani ndogo ya namba, ilhali G5 huanza na yenye thamani kubwa. Zaidi ya hapo, limejengwa kwa vichakataji vya POWER8 na vilivyofuata, yaani seva za IBM zilizokuja miaka mingi baada ya mashine yako. Hakuna namna ya kuidanganya G5 ikubali. Kichakataji chake, PowerPC 970, hakina hata ile hali ya kugeuza mpangilio iliyokuwamo kwenye G4, na ndiyo sababu wenye G5 walilazimika kusubiri toleo la 7 la Virtual PC (programu ya kuendesha Windows ndani ya Mac), kwani yaliyotangulia yaliitegemea hali hiyo.

Kuhusu Debian, PowerPC ya biti 32 ilikuwa toleo rasmi hadi Debian 8, ikaondolewa kwenye Debian 9 mwaka 2017. Haikufa, bali ilihamishiwa Debian Ports, ambako watu wa kujitolea huendelea kujenga matoleo mawili yanayokuhusu: powerpc ya biti 32 na ppc64 ya biti 64. Yote mawili hufuata tawi la sid pekee, lile la majaribio, yaani vifurushi hubadilika kila siku na hakuna toleo tulivu. Gentoo nayo bado inazihudumia mashine hizi, ikiwa una subira ya kukusanya kila kitu mwenyewe, na Adélie ina ppc na ppc64. Ubuntu 16.04 ndilo toleo lao la mwisho la muda mrefu kwa PowerPC, kwa hiyo usijenge juu yake.

Kwa G5 ya gigabaiti 4, mimi ningeweka powerpc ya biti 32 nikaiwekea kerneli (kiini cha mfumo) ya powerpc64. Kerneli ya biti 64 huendesha programu za biti 32 bila taabu, na kwa kuwa anwani ndani ya programu hizo ni baiti 4 badala ya 8, kumbukumbu huliwa kidogo zaidi. Wengi hukimbilia ppc64 kwa sababu ya jina tu.

Wakati wa kuwasha, shikilia kitufe cha C ili isome diski, au Option ili uchague mwenyewe. Yaboot, programu ya zamani ya kuwashia Linux, imepisha GRUB, nayo GRUB hukaa kwenye patisheni ndogo ya HFS (muundo wa mafaili wa Apple) ambayo kisakinishi huitengeneza. Usiifute kwa kudhani ni mabaki ya Apple. Mimi niliifuta, nikaanza upya.

Bi_Sodo alijibu:

Fundi amesema kweli kuhusu matoleo. Niongeze mambo mawili, kwa sababu yaliniibia siku nzima.

La kwanza ni saa. Kabla hujalaumu kivinjari, andika `date` uone kompyuta inadhani ni mwaka gani. Betri ndogo ya ubao mama kwenye mashine za umri huo aghalabu imekwisha, na kila ukichomoa waya wa umeme saa hurudi miongo mingi nyuma. Yangu ilikuwa ikiamka katika mwaka 1970, na kwa kompyuta iliyo katika 1970, cheti cha tovuti kilichotolewa mwaka jana hakijaanza kutumika. Vivyo hivyo `apt`, programu ya kusakinisha vifurushi, hukataa sahihi za hifadhi kwa kuwa zinatoka wakati ujao. Badilisha betri, ukisoma maandishi yaliyo juu ya ile ya zamani kabla ya kununua nyingine. Ikiwa saa ni sahihi na `apt` bado inalalamika, basi funguo za Debian Ports zilizomo kwenye diski yako zimepitwa na wakati, nawe utapaswa kuweka kifurushi kipya cha debian-ports-archive-keyring. Hata hivyo, kwenye Ubuntu yako kubadilisha saa hakutatosha, kwa sababu orodha yake ya mamlaka za vyeti nayo imezeeka.

La pili ni feni. G5 yako ina feni tisa zilizogawanywa katika kanda nne, na zote hutegemea mfumo endeshi uziambie zizunguke kwa kasi gani. Zisipopata maelekezo, hujihami kwa kuzunguka kwa nguvu zote. Soma `/proc/cpuinfo`, utafute mstari unaoanza na "machine". Ukikuta PowerMac7,2 au PowerMac7,3, moduli yako (kipande cha kerneli kinachoongoza feni) ni `windfarm_pm72`. PowerMac9,1 hutumia `windfarm_pm91`, na PowerMac11,2 hutumia `windfarm_pm112`. Ipakie kwa `modprobe`, kisha sikiliza: ngurumo hushuka ndani ya sekunde chache. Ikishafanya kazi, andika jina lake kwenye `/etc/modules` ili ipakiwe kila mashine inapowaka.

Mpita_Njia alijibu:

Samahani kwa kusema lisilopendeza, lakini kompyuta ndogo ya kisasa inayotoshea kiganjani itafanya haya yote kwa haraka zaidi na kwa umeme kidogo sana. G5 ya vichakataji vinne ya mwaka 2005 iliwekewa kifaa cha umeme cha wati 1000. Kwa nini ujitese?

Fundi_Chuma alijibu:

Kama nia ni seva inayowaka usiku na mchana, sina cha kubishana nawe. Lakini ndugu Karani anaandika C, na hapo G5 ina faida ambayo kiganja chako hakina. Chukua namba 1 katika baiti nne. G5 huiandika 00 00 00 01. Mashine ya Intel huiandika 01 00 00 00. Programu inayomwaga namba hiyo moja kwa moja kwenye faili itaonekana nzima kwa miaka kumi, mpaka siku faili lile litakaposomwa upande wa pili na 1 igeuke kuwa 16777216. Kosa la namna hiyo huligundui kwa kusoma msimbo. Unaligundua kwa kuuendesha. Halafu tusisahau kwamba Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliwahi kutumia G5 ya vichakataji viwili kama kompyuta yake ya kazi, kwa hiyo mashine hii si mgeni katika nyumba ya Linux.

Karani_wa_Usiku aliandika:

Nashukuruni nyote. Nimeweka powerpc pamoja na kerneli ya powerpc64, nimebadilisha betri, na tarehe sasa ni ya leo. Yamebaki mawili. Nikifungua mazingira ya picha, skrini huganda baada ya dakika chache ingawa bado naweza kuingia kwa ssh (njia ya kuiamuru kupitia mtandao) kutoka kompyuta nyingine. Pia Firefox ni nzito mno. Je, Mac mini niiwekee kitu hichohicho?

Bi_Sodo alijibu:

Kwa kuwa ssh inaendelea kufanya kazi, kerneli ni nzima na kilichokwama ni kadi ya michoro. Ongeza `radeon.agpmode=-1` kwenye mstari wa kerneli ndani ya GRUB, ili kadi iache kutumia AGP (njia maalumu ya kadi za michoro) na itumike kama ya PCI ya kawaida. Utapoteza kasi kidogo na kupata utulivu. Hakikisha pia kwamba umeweka kifurushi cha firmware-amd-graphics. Ukikutana na picha zenye rangi zilizogeuka, bluu mahali pa nyekundu, usidhani kadi imeungua: ni yaleyale ya mpangilio wa baiti, safari hii ndani ya programu za michoro.

Uzito wa Firefox hauna dawa. Kwenye Intel, JavaScript hugeuzwa papo hapo kuwa lugha ya kichakataji. Firefox ya Linux haina sehemu hiyo kwa PowerPC yako, kwa hiyo kila mstari hufasiriwa mmojammoja. Tumia vivinjari vyepesi vya NetSurf au Dillo kwa kurasa za kusoma, na barua pepe isome kwa programu yake yenyewe badala ya kupitia kivinjari.

Mac mini hupokea powerpc hiyohiyo, ila kwa kerneli ya biti 32. Gigabaiti 1 ndio ukomo wake, basi iachie kazi zisizohitaji mazingira ya picha. Kwa zote mbili, kabla ya kukubali kusasisha, soma orodha ya vifurushi vitakavyoondolewa. Mwaka 2024 Debian ilipobadilisha hesabu ya muda kuwa biti 64 kwenye mashine za biti 32, ili zivuke mwaka 2038 ambapo hesabu ya biti 32 hufikia kikomo, waliobonyeza Y bila kusoma walijikuta na mfumo nusu.

Karani_wa_Usiku aliandika:

Skrini haijaganda tangu jana asubuhi. Moduli ya feni nayo imekubali, na kumetulia kiasi kwamba sasa naisikia diski ikikwaruza.

Fundi_Chuma alijibu:

Basi nakili mafaili yako leo, usingoje kesho. Ukinunua SSD, fahamu kwamba SATA (kiunganishi cha diski) ya G5 ni ya gigabiti 1.5 kwa sekunde, na kuna SSD mpya zisizokubali kushuka hadi kasi hiyo. Iunganishe uone kama inatambuliwa kabla hujaondoa ile ya zamani.