Tupeane uzoefu: waifai ya nyumbani inayokatika-katika, Unguja na Pemba

mkaazi_wa_mkunazini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wengi wetu siku hizi kazi zetu ziko nyumbani: wanaopokea wageni kwa mtandao, wanafunzi wanaotuma kazi za chuo usiku, wanaofasiri, wanaouza nguo. Na kilio ni kile kile. Kompyuta inaonesha imeunganishwa, lakini haifungui kitu. Ukiuliza, unaambiwa ununue ruta mpya. Wapo walionunua na tatizo likabaki pale pale, na pesa imeshakwenda.

Naomba kila mwenye kisa akilete hapa. Useme nyumba yako ikoje, kompyuta inakaa wapi, na hasa uligunduaje tatizo liko upande gani. Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka zaidi. Dawa ya nyumba yangu huenda isikufae wewe wa Konde, lakini namna ya kupima itakufaa.

Naanza mimi. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zinapita nusu mita kwa unene. Ruta iko ukumbini chini karibu na mlango mkubwa, maana waya wa intaneti unaingilia hapo. Kompyuta yangu iko chumba cha juu, upande wa uwani. Simu ya video hainimalizii mazungumzo.

Nilipima hivi. Kwenye Windows andika cmd pale pa kutafutia, litafunguka dirisha jeusi. Andika ipconfig, tizama namba iliyo mbele ya Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kisha andika ping 192.168.1.1 -t (weka namba uliyoiona kwako) na uiache iende; ping ni kama kuipigia hodi ruta kila mara uone kama inaitika. Fungua dirisha jengine, andika ping 8.8.8.8 -t, hiyo ni anwani ya Google huko nje. Yaache yote mawili huku unafanya kazi zako. Mtandao ukikatika, tizama ni dirisha lipi lililonyamaza.

Ruta ikiwa haijibu, ugonjwa uko baina ya kompyuta na ruta, ndani ya nyumba yako, na kampuni ya intaneti hata ukiipigia simu usiku kucha haina la kukufanyia. Ruta ikiwa inajibu vizuri wakati wote na 8.8.8.8 ndiyo inayopotea, ndani kwako kuzima, tafuta nje. Zote mbili zikijibu na kurasa bado hazifunguki, shuku DNS, yaani ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani. Iweke kompyuta itumie 1.1.1.1 au 8.8.8.8 ujaribu.

Kwangu ilikuwa ya kwanza. Nikikaa ukumbini ping haipotezi hata moja. Ruta inarusha waifai kwa njia mbili za redio, 2.4 GHz na 5 GHz. Nikipanda juu, ile ya 5 GHz inatoweka kabisa, na ya 2.4 GHz inakuja na kuondoka. Nikiuacha wazi mlango wa mbao wa chumba, inatengenea kidogo. Nikiufunga, tumerudi kule kule. Kwa hiyo ni ukuta, na ruta ya bei yoyote ingekutana na ukuta huo huo. Tukapitisha waya wa mtandao ubavuni mwa ngazi, ndani kwa ndani, bila ya kuichorongachoronga chokaa, na mwisho wake huko juu tukafunga kifaa cha pili cha waifai. Waya wa Cat5e unafika hadi mita 100, kwa hiyo sidhani kama kuna nyumba ya Mji Mkongwe itakayoushinda.

wa_michenzani

Waalaykumu salaam. Sisi wa majumba ya Michenzani tuna zege, na tuna majirani wengi kila upande, juu na chini.

Asubuhi kwangu hakuna tatizo. Baada ya Isha, watu wakisharudi majumbani, ping ya ruta inachelewa kujibu, mara inapotea. Nikaweka kwenye simu programu ya kutazamia mitandao ya waifai iliyo karibu, nikakuta orodha ndefu na karibu wote wamejazana chaneli 6, yaani kipande kimoja cha njia ile ya redio. Kwenye 2.4 GHz kwetu zipo chaneli 13, lakini zinapandana. Ambazo hazigusani ni tatu, 1, 6 na 11. Ruta yangu ilikuwa imeachiwa ijichagulie, na upana wake 40 MHz, yaani inakalia karibu nusu ya nafasi yote iliyopo na kupokea vurugu za kila mtu. Nikaishusha 20 MHz na kuiweka chaneli 1. Usiku huo huo mwanangu alimaliza somo lake bila ya kukatika.

Lakini ninachotaka mkijue ni kilichofuata. Nilikwenda kwa jirani wa mlango wa pili na yule wa chini yangu, nikawaonesha orodha kwenye simu. Tukakubaliana: mimi 1, yeye 6, wa chini 11. Kijana wa jirani ndiye aliyezunguka akibadilisha, na kila mwenye ruta akiandika neno lake la siri mwenyewe. Wote watatu tumepata nafuu, na hakuna aliyetoa hata shilingi.

Kompyuta zinazoweza 5 GHz tumezihamishia huko. Mwenye nyumba kubwa analalamika 5 GHz haipenyi kuta, ila sisi wa ghorofa ndiyo tunaipendea hilo. Ya jirani haikufikii, na yako haimsumbui.

bi_mkubwa_kikwajuni

Kwangu ilikuwa ikikatika kila magharibi ya Ramadhani, tukipasha futari. Maikrowevu inafanya kazi kwenye 2.45 GHz, ndani ya njia ile ile ya waifai, na ruta ilikuwa rafu moja nayo jikoni. Tumeihamishia ukumbini juu ya kabati. Basi.

mwalimu_wete

Nashukuru kwa mada hii. Changu kilinichukua muda kukijua, na sijaona mtu akikitaja.

Natumia kompyuta ya mezani, haina waifai ndani, nimeichomeka kile kidude kidogo cha waifai cha USB kwa nyuma. Ruta iko chumba hicho hicho, naiona kwa macho. Siku nyingi mtandao mzuri. Lakini kila nikihifadhi kazi za wanafunzi wa skuli kwenye diski ya nje, mtandao unakufa, na nikiichomoa diski unafufuka. Mwanzo nilidhani virusi, nikasafisha kompyuta nzima. Halikuondoka.

Diski ile ni ya USB 3.0, na ilikuwa imechomekwa tundu lililo ubavuni mwa kidude cha waifai. Mwaka 2012 Intel walieleza kwa maandishi kwamba USB 3.0 ikiwa inapitisha data inatoa kelele za redio ambazo zinaangukia kwenye 2.4 GHz. Kidude kilichobanana nayo hakisikii tena ruta. Dawa yake ni waya wa kuongezea urefu wa USB. Nimekitoa kidude nyuma ya kompyuta nikakiweka juu ya meza, mbali na diski. Tangu hapo nahifadhi na kutuma barua pepe kwa wakati mmoja.

Wenye kompyuta za mezani, tizameni kwanza nyuma ya mashine. Kile kidude kikiwa kimejificha nyuma ya sanduku la bati lililoegemea ukuta, hata bila ya diski kinapata tabu.

dada_wa_mbweni

Mwalimu, ahsante sana, mdogo wangu ana kompyuta ya namna hiyo hiyo.

Kwangu ilikuwa laptopu peke yake. Simu zote za nyumbani zinafanya kazi, televisheni inafanya kazi, laptopu inaachia, hasa nikiwa nasoma kitu kirefu bila ya kuigusa. Kama kifaa kimoja ndicho kinachosumbua na vyengine vizima, tafadhalini msiiguse ruta, hangaikeni na hicho kifaa.

Windows ina kawaida ya kukizimisha kifaa cha waifai ili kuhifadhi betri. Ingia Device Manager, fungua Network adapters, bonyeza mara mbili jina la waifai yako, nenda Power Management, ondoa alama ya tiki pale panaporuhusu kompyuta kukizima. Laptopu nyengine mpya hazina ukurasa huo. Hapo jaribu kupakua draiva mpya (programu inayokiendesha kifaa cha waifai) kutoka tovuti ya waliotengeneza laptopu yenyewe.

Jengine lililonisaidia: fungua lile dirisha jeusi kwa ruhusa ya msimamizi, andika netsh wlan show wlanreport. Itakutengenezea ripoti ya siku 3 zilizopita, inaonesha saa ulipounganika, saa ulipokatika na sababu iliyoandikwa na kompyuta yenyewe. Ukienda kwa fundi na karatasi hiyo mnaongea lugha moja.

kijana_wa_chake

Mimi nazima ruta, nasubiri kidogo, nawasha. Inarudi. Naona mnajisumbua.

fundi_mlandege

Yakhe, kuzima na kuwasha si vibaya, na mimi naanza hivyo hivyo. Lakini ikiwa unalazimika kufanya kila siku, ruta inakwambia kitu. Wengi wanaoniletea ruta "mbovu" nakuta ruta nzima, adapta yake ya umeme ndiyo iliyochoka. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo mara nyingi, adapta huwa ya kwanza kuumia. Taa zinawaka kama kawaida, lakini ikibebeshwa kazi volti zinashuka na ruta inajizima na kujiwasha yenyewe. Mwambie fundi aipime huku ruta inafanya kazi, maana ikipimwa peke yake inaonesha nzima. Ukinunua nyengine, volti ziwe sawa sawa na zilizoandikwa chini ya ruta, ampea ziwe sawa au zaidi, na ncha chanya na hasi zisigeuzwe. Ruta ya volti 12 ukiipa adapta ya 9 inaweza kuwaka na bado ikakusumbua mwaka mzima.

Na hivi vifaa vya kurejesha waifai mbali, vinavyochomekwa ukutani bila ya waya: vingi vinapokea na kutuma kwa redio ile ile moja, kwa hiyo kasi inashuka karibu nusu. Tena watu wanavifunga chumba kile kile kisichopata waifai. Vifungwe katikati ya njia, pale ambapo waifai bado nzuri. Kwa nyumba za mawe mimi nasimama na ndugu wa Mkunazini: pitisha waya.

Ipo na siku ambayo tatizo si lako kabisa. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani zetu. Wakati ule watu walikuja dukani na ruta mikononi, nikawarudisha nazo. Ping ya ruta ilikuwa inajibu vizuri tu.

pwani_ya_jambiani

Huku kwetu hakuna waya, tunatumia ruta ya laini, ya 4G, na antena juu ya paa. Vipimo vyangu vilisema ruta inajibu, nje ndiko kunakopotea. Nikaingia ukurasa wa ruta kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari, nikatafuta namba mbili. RSRP ni nguvu ya mnara: ikiwa -80 ni nzuri sana, ikishuka chini ya -110 ni dhaifu. SINR ni usafi wake: ikipita 20 ni safi, ikikaribia 0 ni vurugu. Yangu ilikuwa dhaifu, na hapo mwanzo haikuwa hivyo, kwa hiyo kuna kitu kilichoharibika.

Tulipopanda tukakuta viungio vya waya wa antena vimeota kutu ya kijani. Hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Tumekata ncha, tumefunga viungio vipya na kuvizungushia utepe wa mpira wa kuzuia maji, na waya tumeuacha uning'inie kidogo kabla ya kuingia ndani ili maji ya mvua yadondokee nje. Na upepo wa kusi ulikuwa umeshaigeuza antena kutoka upande wa mnara. Namba zilirudi pale pale tukiwa bado juu ya ngazi, mmoja chini akisoma kwenye simu. Kila msimu wa kusi ukimalizika naitizama tena.

mgeni_wa_bububu

Samahanini, nimefuata ushauri wa waya. Nilikuwa na ruta ya zamani, nimeichomeka kama kifaa cha pili. Sasa nyumba nzima vurugu, kompyuta nyengine inapata anwani inayoanza 169.254, nyengine imeunganishwa lakini haitoki nje.

mkaazi_wa_mkunazini

Pole ndugu yangu, hilo linatengenezeka kwa dakika chache. Ruta mbili zote zinagawa anwani, kila kompyuta inafuata iliyomjibu mwanzo. Ichomoe ile ya zamani, iunganishe na kompyuta peke yake, ingia ukurasa wake. Ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, mathalan 192.168.1.2 ikiwa kubwa ni 192.168.1.1. Kisha zima DHCP, ndiyo hiyo kazi ya kugawa anwani, hifadhi, halafu irudishe kwenye waya, na waya uingie tundu la LAN (la kompyuta za ndani), si lile la WAN (la intaneti ya nje). Ile 169.254 maana yake kompyuta iliomba anwani na haikujibiwa na yeyote, ikajipa yenyewe. Ikiendelea hata baada ya hapo, tizama waya, huenda ncha moja haikubanwa vizuri.

mgeni_wa_bububu

Alhamdulillahi, imetulia, na chumba cha nyuma kinapata. Nawapimia jioni watu wote wakiwa nyumbani, nitaleta matokeo.

wa_makunduchi

Ndugu wa Jambiani, mimi RSRP yangu ni -112 na SINR 3. Antena sina, ruta iko dirishani, dirisha lina nondo na paa la mabati. Ninunue antena au nianzie wapi?

pwani_ya_jambiani

Usinunue bado. Itoe ruta nje ya dirisha kwa waya wa umeme wa kuongezea, uizungushe kila upande wa nyumba, usiku na mchana, uandike namba za kila upande. Mabati na nondo huenda ndiyo yanayokula nusu ya mnara wako. Niandikie hapa upande gani umepata namba bora na kama kuna minazi mbele yake, tutizame pamoja antena iende wapi.