Weksi imekaukia kwenye bampa nyeusi, naombeni ushauri

Assalam aleikum wenzangu. Niko Malindi, gari yangu ni Probox nyeupe, ile yenye bampa ya plastiki nyeusi isopigwa rangi. Juzi nikasema niipake weksi mwenyewe maana hapa chumvi ya bahari inakula bodi kila siku, sasa mkono ukateleza nikagusa bampa na ule ukingo mweusi chini ya vioo na sikufuta hapo hapo, jua la saa saba likaikausha yote. Bodi imetoka safi mashallah lakini plastiki imebaki na mabaka meupe kama unga, na ukiangalia karibu unaona weksi imejaa ndani ya vile vijishimo vidogo vidogo vya plastiki, ukisugua na kitambaa inang'aa tu juu lakini ndani haitoki.

Nimejaribu maji ya moto na sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, ikiwa mbichi yaonekana nyeusi kabisa nafurahi, ikikauka tu weupe umerudi. Fundi mmoja aniambia nipige petroli, hiyo nimekataa naogopa itaharibu plastiki. Mwengine asema siagi ya karanga nisugue na mswaki, mwengine spiriti ya kusafishia vidonda nichanganye na maji nusu kwa nusu.

Alojaribu spiriti kwa plastiki kama hii anijuze tafadhali, haipaushi? Na hapo karibu na rangi nibandike tepu kwanza ama si lazima? Gari hii ndiyo inayonilisha, naipenda sana.